Ulimi wa Bi Tunu

Mtaani kwetu Gongoni, hapa Tabora mjini, mtu akifariki, kabla hajatafutwa wa kuchimba kaburi anatafutwa Bi Tunu. Si kwamba tunaipenda kahawa kuliko tunavyowapenda maiti wetu, ingawa wapo wanaotusema hivyo. Ni kwamba msiba usio na kahawa haukaliki. Watu watakuja, watatoa pole, watasimamasimama uani kama waliokosea nyumba, kisha kila mmoja atakumbuka shughuli zake. Kikombe ndicho kinachomwambia mtu keti, mfiwa asibaki peke yake.

Bi Tunu binti Mrisho ni mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sitini na ushei. Babu yake mzaa baba alitoka Manyema na misafara ya zamani, akafika hapa miguu imevimba, akasema harudi alikotoka wala hasongi mbele. Familia nyingi za mjini hapa zimepata kwao kwa namna hiyo. Marehemu mumewe, Shaban, aliuza kahawa sokoni na akasifiwa mji mzima, na sifa zile alizipokea bila haya yoyote, ilhali aliyekaanga, aliyetwanga na aliyechemsha alikuwa mkewe. Kazi ya Shaban ilikuwa kubeba birika na kupiga soga. Alipokufa, sokoni wakaja wauzaji wengine, Bi Tunu akabaki na misiba. Mtoto hakujaliwa. Nilikuwa nikimwona msibani, ameketi juu ya kigoda mbele ya jiko, kanga kaifunga kiunoni, wanawake wanampisha, nikajua kwamba pale ndipo nyumbani kwake hasa. Kule anakolala ni mahali pa kusubiri kuitwa tu.

Kipimo chake kinatajika kwa pumzi moja. Maji ndoo ndogo, ile ya lita kumi. Kahawa iliyotwangwa vibaba viwili, kibaba chenyewe kopo la bati lililobonyea upande mmoja. Tangawizi kipande cha kidole gumba. Wengi walikinakili kipimo hicho wakaenda kupika kwao, wakatoka na kitu kisichonyweka, wakarudi kumlaumu kwamba amewaficha siri. Hakuficha chochote. Buni zikikaangwa sana zinataka maji zaidi. Zikikaangwa kidogo zinataka kahawa zaidi. Maji yakichemka muda mrefu yanapungua, na kahawa inakuwa nzito bila mtu kuigusa. Kwa hiyo ni lazima ionjwe, na kuonja ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Alichota kwa kijiko, akapuliza, akaweka ulimini, akatazama ukutani. Hapo hata umwite hakuitikii. Kisha aliongeza kata ya maji, au konzi ya kahawa, au alifunika tu akasema, "Peleka."

Mimi ndiye niliyekuwa napeleka. Jina langu Majidi, fundi baiskeli, karakana yangu iko kona ya kwenda msikitini. Mama yangu, Bi Zamda, alikuwa shoga wa Bi Tunu tangu usichana wao, basi mimi namwita mama mdogo, na tangu nilipoota ndevu nimekuwa mgawaji wake: birika mkono huu, vikombe mkono ule, kutoka uani kwa wanawake hadi kwenye majamvi ya wanaume na kurudi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo, maana watu wenye majonzi hawajui wanakunywa nini. Alinikaripia mpaka nikajuta.

"Nani kakwambia hawajui? Mfiwa hajala tangu jana, tumbo tupu. Ukimpa nzito inamkausha koo, hata kulia anashindwa. Ukimpa nyepesi umemwambia marehemu wake hakuwa mtu. Hii kahawa ndiyo mkono wetu wa pole, Majidi. Usiniletee upuuzi."

Sasa, sisi watu wa hapa tuna adabu yetu moja: cha msiba hakisemwi. Wali ukiungua unakula. Maharage yakiwa na mchanga unatafuna polepole na kumwombea marehemu. Hukosoi, hata kusifu husifu, kwa sababu ukisifu leo, kesho ukinyamaza itaeleweka kwamba umekosoa. Ni adabu nzuri. Imewafichia aibu maskini wengi. Lakini mimi nimefika umri wa kuona kwamba adabu nyingine ni woga uliovaa kanzu.

Miaka mitatu iliyopita, mvua zikiishia, Bi Tunu aliugua homa na mafua makali, akalala wiki mbili. Alipoinuka alikuwa amekonda, lakini alisema ni mzima, na sote tukashukuru. Mwezi uliofuata akafariki Mzee Fikiri, mshona viatu. Bi Tunu akaenda jikoni kwake kama kawaida, mimi nikapeleka birika la kwanza.

Watu walionja, wakaviweka vikombe chini. Nikaonja nami. Ilikuwa nzito, inakaba, ina ladha ya mkaa. Nikasema moyoni, leo amepitiwa, hata mwenye duka hukosea kuhesabu. Nikavikusanya vile vikombe vilivyojaa, nikapita nyuma ya ukuta, nikavimwaga mchangani, nikarudi uani na vikombe vitupu.

"Wanakunywa?" aliniuliza.

"Wanakunywa, mama mdogo."

"Si nyepesi?"

"Iko sawasawa."

Nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Maana haukuwa uongo wa siku moja. Msiba uliofuata ilikuwa nzito zaidi, na uliofuata zaidi ya hapo. Kila mara aliuliza wanakunywa, kila mara nilijibu wanakunywa, na nyuma ya kila ukuta wa msiba nikaacha doa jeusi. Haba na haba hujaza kibaba, na changu kilikuwa kinafurika. Mtaa mzima ulijua. Watu walianza kuja msibani wamekunywa chai kwao. Walikaa kidogo, wakaaga. Majamvi ambayo zamani yalikaliwa mpaka magharibi sasa yalikunjwa baada ya alasiri, na wafiwa wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyemwambia. Tulisema ni uzee, tukasikitika kwa sauti ya chini, tukaona tumefanya wema.

Mwaka huu mama yangu alianza kuvimba miguu, kisha pumzi ikamwia ndogo. Alikuwa na akili zake timamu mpaka mwisho. Asubuhi moja, nikiwa namnywesha uji, alinishika mkono.

"Siku yangu ikifika, kahawa apike Tunu."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema. Apike Tunu. Na isimwagwe."

Nilitazama bakuli la uji. Sikujua kwamba anajua habari ya ukutani.

"Mama, hayo mawili hayakai chungu kimoja."

"Yatakaa ukimwambia. Mimi nimemwonea haya miaka mitatu, nimeinywa ile dawa yake na kumwambia ahsante. Nawe umemwonea haya. Mmoja wetu aache, na mimi muda sina."

Nikamwahidi. Kisha siku kumi na mbili nzima nikawa mwoga. Mara mbili nilifika mpaka mlangoni kwa Bi Tunu, mara moja nikamwambia nimekuja kumjulia hali, mara ya pili nikamtengenezea kitasa. Nilijidanganya kwamba mama atapona na suala litakwisha lenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, nami nilikuwa nayaficha maradhi ya mtu mwingine.

Mama alifariki Jumanne, baada ya alfajiri. Tukapanga kuzika baada ya alasiri. Nilimfumba macho, nikawapisha wanawake, nikatoka nje. Machozi hayakuja. Nilichofikiria ni kwamba nina saa chache tu, na aibu ikanipanda, mtu kufiwa na mama yake kichwa kimejaa kahawa.

Nilimkuta Bi Tunu uani kwake. Habari ilikuwa imeshamfikia. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa tayari kazini, kwa sababu kilio chake yeye hupitia mikononi. Alikuwa amenipa mgongo, anamenya tangawizi. Nyuma yake, hatua mbili tu, kikaango cha buni kilikuwa kinafuka moshi mweusi. Harufu ya kuungua ilinipokea tangu mlangoni. Yeye ametulia tuli.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole, baba. Pole sana. Zamda ameniacha."

"Buni zinaungua."

Aligeuka. Hakunusa, alitazama. Aliinama akachungulia kikaangoni kama anayesoma maandishi madogo, ndipo akakiepua. Hapo nikaelewa yote kwa mara moja, na nikaona jinsi tulivyokuwa wapumbavu kumsingizia uzee.

"Husikii harufu," nilisema.

"Nenda kakae na mama yako."

"Tangu lini?"

Alifuta kisu kwenye kanga.

"Tangu ile homa. Harufu ilikwenda, ladha ikafuata. Nikasema zitarudi. Nikiweka kahawa ulimini naona maji ya moto tu, basi nikaongeza. Nikaona bado maji, nikaongeza. Ningemwambia nani? Mpika kahawa asiye na ulimi atakaa wapi msibani, Majidi? Na wewe si uliniambia wanakunywa?"

"Hawanywi."

"Vikombe vilirudi vitupu."

"Nilivimwaga mimi. Nyuma ya ukuta. Haikunyweka, mama mdogo. Miaka yote hii."

Nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. Alisimama pale na kisu mkononi.

"Ya Mzee Fikiri?"

"Niliimwaga."

"Ya mtoto wa Kulwa? Yule mchanga?"

"Hiyo pia."

"Ya Sadiki?"

Sadiki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, tulimzika mwaka jana. Siku ile watu walimsihi Bi Tunu akae ndani na wafiwa wenzake, akakataa, akasema hakuna atakayempikia mdogo wake ila yeye.

"Ya Sadiki nilimwaga sufuria zima," nikasema.

Akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kwenye vumbi. Alilia kwa sauti, na alinitukana, Kiswahili kilipokwisha akaendelea kwa Kinyamwezi, na yote nilistahili. Kisha akakitupa kisu chini.

"Mwambieni mke wa jirani yenu Lugembe apike. Mimi basi."

Nikamweleza maneno ya mama, yote mawili, apike Tunu na isimwagwe.

"Kumbe Zamda naye alijua?"

"Alijua. Alikuonea haya."

"Hayo si haya. Huko ni kunizika mzima mzima, mkaniacha nawapikia." Alijipangusa uso kwa upindo wa kanga. "Yaliyomwagika hayazoleki. Lete zile buni nyingine, kwenye mfuko. Simama hapa karibu na kikaango, pua unayo. Ukiniambia uongo tena leo, nakuapia, nitaacha kukuita mwanangu."

Tulikaanga upya. Nilimwambia zimeanza kunukia, nilimwambia sasa, naye akaepua. Tukazitwanga kwa zamu, tukabeba vitu vyetu mpaka nyumbani kwetu, akatengewa nafasi yake uani. Ndani walikuwa wanamwosha mama. Ndoo ndogo ya maji, vibaba viwili, tangawizi. Ilipochemka akachota kijiko, akanyoosha mkono kwangu.

Niliweka ulimini. Naapa nilijitahidi. Lakini koo lilikuwa limefunga, mdomo mkavu, na kila kitu tangu alfajiri kilikuwa na uchungu uleule, hata mate yangu.

"Sijui," nikasema. "Sisikii kitu."

"Nzito au nyepesi?"

"Sijui, mama mdogo. Wallahi sijui."

Alikipokea kijiko. "Haya. Hapo angalau umesema kweli."

Tukabaki tumekodolea sufuria, watu wawili na hakuna ulimi hata mmoja. Nilitaka kumwita Lugembe, jirani yetu aliyeshika birika badala yangu siku ile, Bi Tunu akasema hapana, huyo naye ni wa hapahapa, atasema iko sawasawa hata akipewa matope. Ndipo akaingia Masanja, muuza mkaa, anasukuma baiskeli yenye gunia. Ni kijana wa Kisukuma kutoka Choma, kule Igunga, ana miezi michache tu mjini. Alishusha gunia, akatoa pole, akageuka kwenda zake.

"Wewe," Bi Tunu akamwita. "Kwenu cha msiba kinasemwa?"

Masanja hakuelewa, akamjibu kwa kumwita mama kwa Kisukuma. "Kinasemwa vipi, mayu?"

"Kikiwa kibaya, mtu anasema kibaya?"

"Sasa kikiwa kibaya mtu aseme nini?"

"Njoo hapa."

Alionja, akakunja uso wote. "Mayu, hii inafaa kuogeshea ng'ombe wenye kupe."

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele waliinamisha vichwa, mmoja akasema astaghafirullah. Bi Tunu hata hakuwatazama. Aliongeza kata mbili za maji, akangoja ichemke, akachota.

"Bado kali."

Kata nyingine mbili.

"Sasa umeiua. Yamekuwa maji ya kusuuzia sufuria."

Akaongeza kahawa, nusu konzi, akaiacha itulie. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi vile, anausoma uso wa mgeni jinsi alivyokuwa akiutazama ukuta zamani. Midomo ya Masanja ilipokunjana, mkono wa Bi Tunu ulikwenda kwenye maji. Ilipolegea, ulikwenda kwenye kahawa. Mara ya nne Masanja hakukunja uso. Alikunywa akamaliza, akabaki ameshika kikombe.

"Vipi?"

"Niongeze, mayu."

Alimwongeza. Kisha akafunika sufuria, akasema, "Peleka." Lugembe akachukua birika, nami nikatoka kwenda kukaa na wanaume, kwa sababu nilikuwa mfiwa na nafasi yangu ilikuwa kwenye jamvi.

Nilikaa katikati ya watu wangu nisisikie walichosema. Kikombe niliwekewa, nikakitazama. Jeneza lilikuwa limeshaletwa kutoka msikitini, limesimamishwa kwenye ukuta. Mama alikuwa bado ndani. Nilifikiri kwamba nimetimiza ahadi yake moja na nusu, kwamba hiyo nusu iliyobaki iko mikononi mwa watu hawa na adabu yao, na sikuthubutu kutazama nani anakunywa na nani ameweka chini.

Ghafla mazungumzo yakakatika. Nikainua macho. Bi Tunu alikuwa amesimama ukingoni mwa jamvi, upande wa wanaume, jambo ambalo wanawake wa hapa hawalifanyi siku ya maziko. Hakumsalimu mtu. Akainama kwa wa kwanza, akachukua kikombe chake, akachungulia ndani, akakirudisha. Akaenda kwa wa pili. Wazee walitazama magoti yao. Nadhani wote walielewa saa ileile kwamba amekwisha kuambiwa, na kila mmoja alikumbuka alichokuwa akifanya miaka mitatu. Vikombe vilikuwa vitupu. Kimoja baada ya kingine, vitupu, na mashapo kidogo chini. Wengine walikuwa wamemnyooshea Lugembe mara ya pili kabla Bi Tunu hajatokea.

Akafika kwangu. Changu kilikuwa kimejaa.

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba si kwa ubaya wake, kwamba koo limefunga, kwamba naona kabisa watu wamekunywa na kahawa ni nzuri.

"Sitaki neno lako, Majidi," alisema taratibu. "Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa kidogo. Funda la kwanza sikulisikia. La pili nikausikia uchungu wake, na nyuma ya uchungu tangawizi, na maji yamekaa mahali pake, hayaonekani. Nilipoufikia mwisho koo lilifunguka, na machozi niliyoyangoja tangu alfajiri yakatoka yote pamoja, mbele ya wanaume wa Gongoni, na sikuona haya. Nililia kwa sababu mama yangu amekufa.

Bi Tunu alinichukua kikombe mkononi. Akakipindua juu ya kiganja chake, yakadondoka mashapo tu. Akafuta kiganja kwenye kanga, akamwendea aliyekaa pembeni yangu.